Mafuta ya Lokichar: Turkana Itegemee Nini?

Mjadala kuhusu mafuta ya Turkana umerudi kwa kishindo. Mwaka 2025 kampuni ya Kenya, Gulf Energy, ilinunua visima vilivyokuwa mikononi mwa Tullow Oil ya Uingereza, na serikali ikaahidi kwamba mafuta ya kwanza yatatoka Desemba 2026. Tangu hapo, kuanzia maduka ya Lodwar hadi soko la Kakuma, maelezo yanayotolewa kwa wananchi yamekuwa yakigongana. Mmoja anaambiwa kaunti itatajirika. Mwingine anaambiwa hakuna senti itakayofika kijijini. Huku watu wanasikia kwamba Kenya sasa ni nchi ya mafuta, na kule wanasikia kwamba mafuta yenyewe ni haba, hayafai hata gharama ya kuyatoa.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Maswali matatu tofauti yamefungwa katika furushi moja: mafuta ni kiasi gani, pesa zake zinagawanywaje, na uchumi unaoegemea pesa za aina hiyo una mustakabali gani. Uchambuzi huu unayatenganisha maswali hayo, unapima misimamo mikuu mitatu inayoshindana, kisha unaeleza ni upi unaostahili kufuatwa na kwa masharti gani.

Safari ndefu ya mafuta ambayo hayajauzwa

Rais Mwai Kibaki alitangaza kugunduliwa kwa mafuta katika kisima cha Ngamia-1 tarehe 26 Machi 2012. Wiki chache kabla, tarehe 2 Machi, alikuwa Lamu pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia wakizindua mradi wa LAPSSET, ambao ndani yake lilikuwamo bomba la mafuta. Visima vingine vikafuata katika bonde la Lokichar Kusini: Twiga, Amosing, Ekales, Etuko. Lokichar, uliokuwa mji mdogo wa njiani kati ya Kitale na Lodwar, ukajaa magari ya kampuni, nyumba za wageni na vijana waliotafuta kazi na tenda.

Vikwazo vilianza mapema. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana wakidai ajira na kandarasi, na Tullow ikasimamisha kazi kwa muda. Katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ilikuwa juu ya dola 100 kwa pipa. Mwanzoni mwa 2016 ilishuka chini ya dola 30. Mwaka huohuo wa 2016 Uganda iliachana na wazo la kupitisha mafuta yake Kenya na kuchagua bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Hilo lilikuwa pigo kubwa. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo bomba lake lazima lipashwe joto njia nzima. Gharama ya bomba la zaidi ya kilomita 800 kutoka Lokichar hadi Lamu ingebebeka kwa urahisi kama mafuta ya nchi mbili yangepita humo. Kenya ikabaki na mzigo huo peke yake.

Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa majaribio kwa malori hadi Mombasa. Kabla mwezi haujaisha, wenyeji waliyazuia malori wakilalamikia ukosefu wa usalama. Agosti 2019 meli ilibeba mapipa 200,000, yakauzwa kwa takriban dola milioni 12. Mafuriko yakaharibu barabara, bei zikaporomoka tena wakati wa korona mwaka 2020, na majaribio yakakoma. Mwaka 2023 washirika wa Tullow, TotalEnergies na Africa Oil, walijitoa. Miaka miwili baadaye Tullow nayo ikauza, kwa bei isiyopungua dola milioni 120 zinazolipwa kwa awamu.

Historia hii inafundisha kwamba hatima ya mafuta ya Turkana imeamuliwa na mambo manne ambayo Lodwar haina uwezo nayo: bei ya dunia, uamuzi wa nchi jirani, umbali wa bahari, na hesabu za wawekezaji.

Hesabu ya mapipa

Mpango wa Gulf Energy ni kuanza na mapipa 20,000 kwa siku na kupanda hatua kwa hatua hadi 50,000. Tullow katika mipango yake ya awali ilitaja 120,000. Tuchukue bei ya dola 65 kwa pipa kama mfano. Mapipa 20,000 kwa siku ni mauzo ya takriban dola milioni 475 kwa mwaka, yaani shilingi bilioni 61 hivi. Mapipa 50,000 ni karibu dola bilioni 1.2. Kiasi hicho ni kikubwa machoni pa mtu wa kawaida, lakini Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Hata katika kilele chake, mauzo yote ya mafuta kabla ya kutoa gharama yatakuwa robo tu ya pesa hizo. Kenya haitakuwa nchi inayotegemea mafuta. Turkana inaweza kuwa kaunti inayotegemea mafuta, na hapo ndipo uzito wa swali ulipo.

Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa serikali kuu asilimia 75 ya fungu la serikali, kaunti asilimia 20, na jamii ya mahali asilimia 5. Wengi husoma asilimia hizo wakidhani zinakatwa kwenye mauzo. Hukatwa kwenye kile kinachobaki baada ya kampuni kurejesha gharama zake na kuchukua sehemu yake ya faida. Tofauti ni kubwa. Chukua mfano wa shilingi bilioni 61. Nusu ikienda kwenye gharama na faida inayobaki ikagawanywa sawa kati ya kampuni na serikali, kaunti inapata takriban bilioni 3 na jamii karibu milioni 760. Gharama zikila asilimia 80 ya mauzo, fungu la kaunti linashuka hadi bilioni 1.2 na la jamii hadi milioni 300 hivi. Serikali ya Kaunti ya Turkana tayari hupata takriban shilingi bilioni 13 kwa mwaka kama mgao kutoka Nairobi.

Kuna jambo la tatu ambalo mara nyingi halisemwi. Bei ikishuka kutoka dola 65 hadi 45, yaani chini ya theluthi moja, na gharama za uzalishaji zikabaki zilezile kama katika mfano wa kwanza, mapato ya kaunti huanguka kutoka bilioni 3 hadi karibu bilioni 1.2. Fungu la umma hukaa mwisho wa foleni, kwa hiyo ndilo linalotikiswa zaidi bei inapoyumba. Anayesuka bajeti ya Lodwar lazima aanzie hapo.

Msimamo wa kwanza: yachimbwe, na haraka

Viongozi wengi wa serikali na wafanyabiashara wanashikilia kwamba Turkana imesubiri vya kutosha. Hoja yao ina mizizi mirefu. Wakoloni waliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, na baada ya uhuru Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza uwekezaji kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na rutuba na faida ya haraka. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta wakazi 926,976 katika kaunti hii, na takwimu za serikali zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu watu 8 kati ya 10 wanaishi chini ya mstari wa umaskini. Kwa mara ya kwanza ardhi hii ina kitu ambacho Nairobi inakihitaji. Wanaongeza kwamba dunia inageukia nishati nyingine, na mafuta yanayobaki chini leo huenda yasipate mnunuzi wa maana baada ya miaka 25.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unakiri gharama ya kusubiri. Kila mwaka unaopita ni mwaka wa watoto wasio na shule ya karibu na akina mama wanaotembea umbali mrefu kutafuta maji.

Udhaifu wake uko kwenye ajira na muda. Kuchimba mafuta huhitaji watu wengi wakati wa ujenzi na wachache sana baada yake. Lokichar imeshaonja hali hiyo: nyumba za wageni zilizojengwa wakati wa pilikapilika za utafutaji zilikosa wateja kampuni ilipopunguza shughuli, na waliokopa kujenga wakabaki na madeni. Visima vyenyewe vina umri. Uzalishaji hupanda, hukaa kileleni miaka michache, kisha hushuka mwaka baada ya mwaka. Kusafirisha mapipa 20,000 kwa siku kwa malori, mara kumi ya yale ya majaribio, ni mzigo mkubwa kwa barabara ambayo mvua imeshaikata zaidi ya mara moja.

Msimamo wa pili: yasichimbwe kabla haki haijapatikana

Mashirika ya kiraia, baadhi ya viongozi wa dini na wazee wa jamii za wafugaji wanasema mafuta yabaki ardhini mpaka masharti yatimizwe. Wanataja ardhi, maji na taka. Ardhi ya Turkana kwa sehemu kubwa ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitaka isajiliwe kwa jina la jamii husika. Ambako usajili haujakamilika, kaunti huishikilia kwa niaba ya wananchi, na kaunti hiyohiyo ni mnufaika wa mafuta. Mashaka ya mfugaji wa Nakukulas, kijiji kilicho karibu na visima vya Ngamia, yana msingi: anayemshikia ardhi ana masilahi yake katika biashara inayofanyika juu yake. Maji nayo ni swali, maana mipango ya awali ilikuwa kuyavuta kutoka bwawa la Turkwel ili kuyasukuma visimani, katika nchi ambayo ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo bila kiasi.

Kenya yenyewe inawapa ushahidi. Huko Kwale, Base Titanium ilichimba madini kwa zaidi ya muongo mmoja na kufunga mwishoni mwa 2024. Fungu la mrabaha lililowekewa jamii na sheria ya madini lilicheleweshwa kwa miaka mingi huku mchanga ukiendelea kusafirishwa. Katika Marsabit, ng'ambo ya Ziwa Turkana, mahakama iliamua mwaka 2021 kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi mkubwa wa umeme wa upepo zilitolewa bila kufuata utaratibu, wakati mitambo ilikuwa tayari inafanya kazi. Katika visa vyote viwili mradi ulitangulia na haki ikafuata nyuma.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba mwananchi ana nguvu ya kujadiliana kabla ya mkataba kuanza kutekelezwa, na huipoteza baada ya hapo. Udhaifu wake ni kwamba haina jibu kwa swali la sasa: familia isiyo na mbuzi hata mmoja baada ya ukame itaishi vipi wakati wa kusubiri? Tena, kusubiri kwenyewe hakuleti haki. Miaka mingi imepita tangu 2012 bila uzalishaji, na kusubiri huko hakukufanya usajili wa ardhi ukamilike.

Msimamo wa tatu: Kakuma, mifugo na biashara

Wachumi kadhaa wanasema macho yameelekezwa mahali pasipostahili. Uchumi halisi wa kaskazini mwa Turkana, wanasema, uko Kakuma. Kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 kupokea vijana waliokimbia vita vya Sudan sasa, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina takriban watu 300,000. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa 2016 ulikadiria kwamba kuwepo kwa wakimbizi kuliongeza pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3. Taasisi yake ya fedha, IFC, mwaka 2018 ilikadiria soko la Kakuma kuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na mpango wa Shirika uliozinduliwa 2025 vinakusudia kuifanya kambi kuwa mji wenye wakazi, leseni na kodi. Mbuzi wa mfugaji wa Turkana, makaa na kuni zake, vyote hupata mnunuzi hapo.

Msimamo huu una sifa ya kuangalia watu wengi na kazi nyingi. Biashara elfu moja ndogo haziwezi kufungwa kwa siku moja kama kisima.

Hata hivyo, mnunuzi wa Kakuma hununua kwa pesa za nani? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mzunguko imetokana na msaada, ikiwemo Bamba Chakula, mgao wa chakula unaotumwa kwa simu. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, mgao wa chakula ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, maandamano yakazuka kambini, na wenye maduka waliowakopesha wateja wakabaki na madaftari ya madeni yasiyolipika. Mifugo nayo ina mipaka yake, na ukame umeidhihirisha. Juhudi za kuanzisha viwanda zimeshindwa hapo awali: kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway miaka ya 1980 hakikudumu, kwa sababu gharama ya umeme na maji safi ilizidi thamani ya samaki.

Ikiwekwa pamoja, picha ni hii. Turkana ina vyanzo vitatu vikubwa vya pesa: mgao wa Nairobi, misaada ya Kakuma, na mafuta ya kesho. Vyote vitatu huamuliwa nje ya Turkana. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hatari ya mafuta ni kuongeza ndugu wa tatu wa kutegemewa.

Fundisho la Sudan Kusini

Anayetaka kuona nchi inayotegemea mafuta ilivyo hahitaji kwenda mbali. Barabara inayopita Kakuma na Lokichoggio inaishia mpaka wa Nadapal, na ng'ambo ni Sudan Kusini, ambayo tangu uhuru wa 2011 imepata karibu asilimia 90 ya mapato ya serikali kutokana na mafuta. Januari 2012 ilifunga visima vyake kwa mgogoro na Khartoum kuhusu ada za kupitisha mafuta, na ikakaa zaidi ya mwaka bila mapato hayo. Februari 2024 bomba lake kuu lilipasuka ndani ya Sudan iliyokuwa vitani, sehemu kubwa ya mauzo ikasimama, na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila mshahara. Wengi wa watu wanaoishi Kakuma walikimbia nchi hiyo.

Kosa la Juba lilikuwa kuweka mishahara, jeshi na siasa nzima juu ya pesa za mafuta, bila kuacha mapato mengine yakue. Chad ilijaribu njia nyingine: mwaka 1999 ilipitisha sheria ya kuhifadhi asilimia 10 ya mapato kwa vizazi vijavyo, lakini mwaka 2006, baada ya mafuta kuanza kutoka, ikaufuta mfuko huo. Ghana ilipitisha sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta mwaka 2011, muda mfupi baada ya Tullow kuanza kuzalisha huko, ikaanzisha mfuko wa kukinga bajeti na mfuko wa urithi. Ghana bado imekopa kupita kiasi na kuingia kwenye shida ya madeni, jambo linaloonyesha kwamba mfuko mzuri hauokoi bajeti mbovu. Angalau wananchi wake wanaweza kusoma kila mwaka mafuta yameingiza nini na yametumika wapi.

Mizani

Ukipima misimamo mitatu, wa kwanza uko sahihi kuhusu gharama ya kusubiri, wa pili uko sahihi kuhusu wakati wa kudai haki, na wa tatu uko sahihi kuhusu mahali uchumi wa kudumu utakapotoka. Hakuna hata mmoja unaotosha peke yake. Njia inayostahili ni kuchimba, kwa masharti yaliyotimizwa kabla ya lori la kwanza kuondoka, na kuzichukulia pesa za mafuta kama mtaji unaokuja mara moja.

Sharti la kwanza ni bajeti. Mishahara na matumizi ya kila siku ya kaunti yasitegemee mafuta kabisa. Bajeti ikadirie bei ya chini, na kinachozidi kiwekwe katika mfuko wa kufidia miaka mibaya. Hapa kuna mvutano wa kweli: ni vigumu kumwambia mtu mwenye njaa kwamba pesa zimewekwa benki kwa ajili ya wajukuu. Kwa hiyo haifai kuweka akiba yote. Sehemu kubwa itumike sasa, lakini kwa vitu vinavyojengwa mara moja vikadumu: mabomba ya maji, umeme, madarasa, kliniki za mifugo, matengenezo ya barabara.

Sharti la pili ni daftari la gharama. Mfano wa hesabu hapo juu umeonyesha kwamba gharama zinazorejeshwa na kampuni ndizo zinazoamua kama kaunti itapata bilioni 3 au 1. Mikataba na ukaguzi wa gharama hizo, zikiwemo za miaka yote ya utafutaji, viwekwe wazi, kwa lugha ambayo mzee wa Lokichar anaweza kusomewa akaelewa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sharti la tatu ni asilimia 5 ya jamii. Lazima iamuliwe mapema nani ni jamii. Pesa zikiwekwa karibu na visima, walioathirika zaidi watafidiwa vizuri, lakini maeneo mengine yataona wivu, na mpaka wa Turkana na Pokot umeshamwaga damu kwa mambo madogo kuliko hayo. Zikitawanywa kaunti nzima, kila mtu atapata kidogo mno, na aliyepoteza malisho yake hatahisi tofauti. Kugawa fungu hilo, sehemu kubwa kwa walio karibu na visima na sehemu kwa miradi ya pamoja, kuna kasoro chache zaidi. Bodi ya wadhamini ichaguliwe kabla ya pesa kuingia, kwa sababu baada ya hapo kila kiti kitakuwa na bei.

Sharti la nne ni kuunganisha Lokichar, Lodwar na Kakuma katika soko moja. Barabara itakayobeba mafuta ibebe pia mbuzi na samaki. Maji yatakayovutwa kwa ajili ya visima yafike pia kwenye malisho. Kwa njia hiyo msaada wa Kakuma ukipungua au bei ya mafuta ikianguka, mfugaji na mwenye duka bado watakuwa na cha kuuziana.

Kwa muhtasari

Mafuta ya Turkana ni halisi, lakini ni machache mno kuibadilisha Kenya na ni mengi ya kutosha kuivuruga au kuiinua Turkana. Faida ya kaunti itategemea gharama na bei kuliko idadi ya mapipa, na itayumba kuliko inavyotangazwa. Kusubiri bila mpango kumeshaonyesha hasara yake, na kuchimba bila masharti kunarudia yaliyotokea Kwale kwa udogo na Sudan Kusini kwa ukubwa. Visima vitakauka. Kipimo cha haki kwa viongozi wa Turkana na wa taifa ni kama siku hiyo Lodwar na Kakuma zitakuwa na maji, umeme, ardhi iliyosajiliwa na biashara zisizohitaji pipa hata moja ili ziendelee. Maamuzi ya kufikia hapo yanapaswa kufanywa sasa, wakati mafuta bado yako chini.